Fundi Mitambo au DJ: Nani Aajiriwe Katika Shughuli Zetu?

  

Ndugu msomaji, katika mitaa ya Kariakoo na pembezoni mwa viwanja vya Mnazi Mmoja, jijini Dar es Salaam, shughuli hazikatiki. Leo ni nikahi, kesho walima, keshokutwa khitma, kisha Maulidi, mahafali ya madrasa au baraza la Idi. Kila shughuli ina kamati yake, na kila kamati, ikishamaliza hesabu ya mchele, nyama, viti na maturubai, hufika kwenye kifungu kinachoandikwa kwa neno moja tu: "muziki".

Neno hili ndilo asili ya tatizo. Kwa watu wa Dar es Salaam, "kukodi muziki" ni kukodi spika na maiki, hata kama shughuli yenyewe ni khitma isiyokuwa na wimbo hata mmoja. Mwingine akilisikia neno hilohilo anafahamu kuletwa kijana wa kupiga nyimbo mpaka usiku wa manane. Fedha zinatoka, makubaliano ni ya mdomo, na siku ikifika anakuja mtu ambaye wazee hawakumkusudia. Hapo ndipo sheikh aliyealikwa kutoa mawaidha husimama na maiki isiyosikika, au ami wa bibi harusi huondoka kabla ya chakula kwa sababu ya maneno yaliyotoka katika spika mbele ya binti zake.

Kwa hiyo tumeona ni vyema kueleza tofauti ya watu wawili hawa, asili ya kazi zao katika historia yetu, na hukumu za fiqhi zinazohusu kuwaajiri.

KAZI MBILI ZISIZOFANANA

Fundi mitambo hana maneno yake. Kazi yake ni kuichukua sauti ya mwingine, iwe ya khatibu, msomaji wa Qur'ani, walii anayeozesha au wanafunzi wanaosoma kaswida, na kuifikisha kwa watu kama ilivyo. Anajua maiki ipi inafaa kwa mtu mmoja na ngapi zinahitajika kwa kundi la madufu, spika zikae wapi ili maiki isianze kupiga mluzi, na umeme ukikatika jenereta iwake vipi. Akiifanya kazi yake sawasawa, hakuna anayemkumbuka.

DJ kazi yake ni kuchagua. Yeye ndiye anayeamua watu wasikie nini, baada ya kipi, na kwa muda gani. Wengi wao wana spika zao, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa wakadhani kwamba mwenye spika ni fundi. Lakini kumiliki spika ni jambo moja na kujua kuikamata sauti ya mtu aliye hai mbele ya maiki ni jambo jingine. Nyimbo za DJ zimekwisha kurekodiwa na kusafishwa studio. Khatibu hakurekodiwa, anageuka huku na huku, anashusha sauti na kuipandisha, na upepo unavuma katika maiki.

Zamani tofauti hii haikuwa na uzito kama leo. Harusi za mjini zilikuwa na waimbaji wenyewe, na vilabu vya taarab vya Dar es Salaam kama Egyptian Musical Club na Al-Watan vilikuja na watu wao na ala zao. Aliyehitajika zaidi ya hao ni mtu wa kupaza sauti tu. Ilipokuja kaseti, kisha CD, na hatimaye kompyuta ya mkononi yenye maelfu ya nyimbo, ndipo mchaguzi akachukua nafasi ya mwimbaji, na mara nyingine nafasi ya fundi pia.

MFIKISHAJI SAUTI KATIKA HISTORIA YA UISLAMU

Kazi ya fundi mitambo si ngeni kwetu. Kabla ya umeme ilifanywa kwa koo za watu, na waliifanya watu watukufu.

Mtume (s.a.w.) alipokuwa katika maradhi yake ya mwisho, aliswalisha akiwa amekaa, na Abubakar (r.a.) ndiye aliyewasikilizisha watu takbira zake. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim, na kutokana nayo wanavyuoni wamejenga hukumu ya muballigh, yaani anayefikisha sauti ya imamu. Katika vita vya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria, aliamrishwa Abbas (r.a.), aliyekuwa na sauti kubwa, awaite watu waliotawanyika, nao wakarejea. Katika Hija ya Kuaga, mwaka wa 10 Hijria, Ibn Is-haq anasimulia kwamba Rabia bin Umayya ndiye aliyekuwa akiyapaza maneno ya Mtume (s.a.w.) pale Arafa. Abu Daud amepokea kwamba huko Mina kazi hiyo ilifanywa na Ali (r.a.). Na Jarir (r.a.) alipewa kazi ya kuwanyamazisha watu ili wasikilize.

Walipokuja wapokezi wa hadithi, kazi hii ikawa na jina lake, mustamli. Huyu alisimama mahali pa juu na kuyarudia maneno ya sheikh kwa walio mbali. Al-Khatib al-Baghdadi (aliyefariki 463 H/1071) anasimulia darsa za Asim bin Ali (aliyefariki 221 H/836) mjini Baghdad, zilizokadiriwa kuhudhuriwa na watu zaidi ya 100,000. Sheikh alikaa juu ya dari, na mustamli wake, Harun, alipanda juu ya mtende uliopinda ili sauti yake iwafikie watu. Siku moja sheikh alilazimika kulirudia jina la mpokezi mmoja mara 14 kwa sababu watu hawakusikia. Kwa hiyo wakati sisi tunafunga spika kwenye nguzo pale Mnazi Mmoja, tunafanya lile lililofanywa na Harun juu ya mtende.

Al-Sam'ani (aliyefariki 562 H/1166) aliandika kitabu kizima juu ya adabu za kuimlisha na kufikisha, na miongoni mwa sifa alizozitaja ni kwamba mustamli awe na sauti ya juu na awe mtu mwerevu aliye macho. Sababu ya sharti la pili inajulikana kwa wanafunzi wa hadithi kwa kisa cha Yazid bin Harun. Yazid alisema kwamba hadithi fulani amehadithiwa na "idda", yaani watu kadhaa. Mustamli wake akapaza sauti kumuuliza huyo Idda ni mtoto wa nani! Watu wanacheka, lakini somo lipo. Anayefikisha sauti hana budi aielewe shughuli aliyomo. Fundi asiyejua kwamba sasa ni wakati wa ijabu na kabuli ataiacha maiki ya bwana harusi imezimwa, na mashahidi walio nyuma hawatasikia kilichosemwa.

KIPAZA SAUTI MBELE YA WANAVYUONI

Kipaza sauti cha umeme ni chombo cha karne ya 20. Jensen na Pridham walikitumia mbele ya umati mkubwa mjini San Francisco mkesha wa Krismasi wa mwaka 1915. Kilipofika katika nchi za Kiislamu kilizua maswali. Baadhi ya wanavyuoni wa India walisita hasa katika swala, wakiuliza: sauti inayotoka ndani ya spika ni sauti ya imamu mwenyewe, au ni mwangwi wake? Kwani mwangwi una hukumu zake. Huko Unayza, Arabuni, Sheikh Abdurrahman al-Sa'di (aliyefariki 1957) alikitetea na kuwaeleza watu kwamba ni chombo cha kufikisha kheri. Mwishowe wengi wamekubali kwamba spika hukuza sauti ya msemaji, nayo hukumu yake ni hukumu ya kinachosemwa.

Msingi huu tuushike, maana ndio utakaotuongoza mbele: chombo hakina hukumu peke yake, hukumu inafuata kinachopitishwa ndani yake.

Lakini wanavyuoni waliweka mpaka pia. Kufikisha sauti ni jambo jema panapokuwa na haja. Pasipo haja, wengi wamelichukia. Khitma ya watu 30 katika ukumbi mmoja wa nyumba ya Kariakoo haina haja ya spika 4 barazani.

HALI YA VIWANJA VYA MNAZI MMOJA

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliugawa mji wa Dar es Salaam kwa kanda, na uwanda wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya mitaa ya biashara ya Uhindini na makazi ya Waafrika ya Kariakoo. Ardhi iliyoachwa ili kuwatenga watu imekuwa mahali pa kuwakusanya. Hapo ulipo mnara wa Mwenge wa Uhuru, ndipo pamefanyika mikutano ya siasa, kumbukumbu za mashujaa, na Maulidi ya usiku kwa miaka mingi.

Kwa mtu wa sauti, uwanja huu ni mtihani. Upande mmoja ni magari ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed, upande mwingine ni ya Mtaa wa Uhuru. Hauna kuta za kuirudisha sauti kwa wasikilizaji. Uwanjani, kila umbali wa kutoka kwenye spika moja unapokuwa maradufu, sauti hushuka kwa takribani desibeli 6. Asiyejua hutafuta dawa kwa kuongeza nguvu ya spika za jukwaani, basi walio mbele wanaziba masikio na walio nyuma bado hawaelewi. Anayejua hugawa spika ndogo ndogo uwanjani. Hapo panazuka jambo jingine: sauti husafiri hewani takribani mita 340 kwa sekunde, bali katika waya hufika papo hapo. Aliyekaa mita 100 kutoka jukwaani atasikia neno kwanza kutoka kwenye spika iliyo karibu naye, kisha alisikie tena kutoka jukwaani baada ya karibu theluthi ya sekunde. Fundi huichelewesha spika ya nyuma kwa kadiri hiyo, na maneno yakawa neno moja. Hili si katika kazi za kila siku za DJ.

Zaidi ya hayo, upo upande wa akina mama. Katika shughuli zetu wao hukaa nyuma au nyuma ya pazia, na mara nyingi ndio wanaoambulia spika mbovu au wasipate kabisa. Amepokea Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba siku ya Idi Mtume (s.a.w.) aliona kuwa hakuwasikilizisha wanawake, basi akawaendea pamoja na Bilal, akawawaidhi na kuwaamrisha sadaka. Hakusema inatosha wanaume wamesikia. Kamati inayomlipa mtu wa sauti na isimuulize akina mama watasikiaje, imeacha sunna iliyo wazi.

DJ NA HUKUMU YA ANACHOKICHAGUA

Je, DJ haajiriki kabisa? Hapa inafaa tuwe waadilifu. Sheria haikukataza furaha ya harusi. Mtume (s.a.w.) alimuuliza Bibi Aisha (r.a.), pale bibi harusi alipopelekwa kwa mumewe wa Kiansari, kama walikuwa na burudani, kwani Maansari waliipenda. Na katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kinachosomeshwa katika vyuo vya pwani yetu, dufu linajuzu katika harusi na tohara.

Kuhusu ala nyingine ipo khitilafu inayojulikana. Jumhuri ya madhehebu manne wamekataza nyuzi na zumari. Ibn Hazm (aliyefariki 456 H/1064) alizitia dosari hadithi za makatazo, na Imamu Ghazali (aliyefariki 505 H/1111) aliichambua mas-ala hii kwa kutazama maneno, msikilizaji na hali. Makala hii haikukusudia kuimaliza khitilafu hiyo. Lakini lipo lisilo na khitilafu, nalo ni maneno machafu, matusi na yanayoamsha zinaa. Hayo ni haramu yawe na ala au yasiwe nayo.

Na ipo hadithi ambayo kila DJ na kila kamati inafaa waijue. Katika harusi ya Rubayyi bint Muawwidh (r.a.), wasichana walikuwa wakipiga dufu na kuwataja mashujaa wao waliouawa Badri. Mmoja akaingiza maneno kwamba miongoni mwao yupo Nabii anayejua ya kesho. Mtume (s.a.w.) akamwambia aliache hilo na aendelee na aliyokuwa akiyasema. Hakuizima shughuli wala hakulivunja dufu. Aliliondoa neno moja baya na kuyaacha yaliyobaki. Basi mwenye shughuli ana haki, na ana wajibu, wa kusema hiki kipigwe na hiki kisipigwe. DJ asiyekubali sharti hilo hafai, hata akipiga bure.

Jambo hili lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kuitikia mwaliko wa walima ya harusi ni wajibu katika madhehebu ya Shafi, lakini miongoni mwa masharti ni kwamba pasiwe na munkari ambao mwalikwa hawezi kuuondoa. Kwa hiyo chaguo baya la kamati linawaondolea wageni wajibu wa kuhudhuria, na huenda likawapa wajibu wa kuondoka. Undugu uliokusudiwa kuungwa unakatika kwa sababu ya orodha ya nyimbo.

MKATABA WA IJARA

Kumwajiri fundi au DJ ni ijara, na ijara ina masharti: manfaa yajulikane, yawe ya halali, na ujira ujulikane. Kusema "tuletee muziki, tutaonana" ni mkataba mbovu, na kazi ikishafanyika atastahiki ujira wa mfano wake, jambo linaloleta ugomvi usiku maturubai yanapofunguliwa.

Mafakihi wa Kishafi wamegawa ijara katika mafungu mawili. La kwanza ni ijara ya 'ayn, unapomwajiri fulani kwa nafsi yake au kukodi chombo hiki hasa. Akifariki huyo au chombo kikiharibika, mkataba unavunjika kwa muda uliobaki, wala haumlazimu mtu mwingine. La pili ni ijara ya dhimma, unapomwajibisha mtu kazi yenye sifa zinazojulikana. Huyu spika yake ikiungua hana budi kuleta nyingine, na akiumwa alete fundi mwingine. Lakini katika fungu hili ujira hutolewa palepale penye mkataba. DJ aghlabu huajiriwa kwa nafsi yake, kwa sababu unachokitaka ni chaguo lake. Fundi inafaa awe wa dhimma, kwa sababu unachokitaka ni sauti ifike.

Vyombo vilivyokodiwa ni amana mikononi mwenu. Mtoto akimwaga soda juu ya mitambo bila ya uzembe wenu, hamlipi kwa kauli iliyotegemewa katika madhehebu, mkizembea, mnalipa. Afadhali hili lisemwe mapema.

Nyimbo na kaswida nazo zina wenyewe. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu iliamua Kuwait mwaka 1988 kwamba haki za utunzi zinahifadhiwa kisheria, na Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayosimamiwa na COSOTA. Muulizeni DJ kama ana kibali cha kuzipiga hadharani.

NAMNA YA KUCHAGUA

Swali la kwanza ambalo kamati ijiulize ni hili: watu wanakuja kusikia sauti ya nani?

1. Ikiwa shughuli ina sauti yake yenyewe, kama nikahi, Maulidi, khitma, mahafali, mawaidha au baraza la Idi, aajiriwe fundi mitambo. DJ hana nafasi hapo.

2. Ikiwa ni walima au hafla ambayo baina ya mambo panatakiwa kaswida zilizorekodiwa, fundi huyohuyo anatosha. Mpeni orodha na mtu mmoja wa kumwongoza.

3. Ikiwa kamati imeazimia kuwa na DJ, aandikiwe kinachoruhusiwa, na awe chini ya mtu mzima mwenye amri ya kuzima.

4. Ikiwa shughuli ni kubwa na ina yote mawili, waajiriwe wote wawili, na maiki ziwe mikononi mwa fundi.

5. Aliyeajiriwa aje mapema ajaribu maiki zote, asikilize akiwa amekaa upande wa akina mama, na ajue saa za swala. Adhana ikitoka Msikiti wa Mtoro au wa Manyema, spika za uwanjani zinyamaze.

6. Kiwango na muda wa sauti viandikwe. Hospitali ya Mnazi Mmoja ina wagonjwa, na nyumba za Kariakoo zina watoto na wazee. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015 zinahusu spika zetu pia. Na kabla ya kanuni hizo, Mtume (s.a.w.) akiwa katika itikafu aliwakataza waliokuwa wakisoma Qur'ani wasipandishiane sauti na kuudhiana. Ikiwa kisomo cha Qur'ani kimewekewa mpaka, vipi wimbo?

Ama mtu mwenyewe wa kumwajiri, Qur'ani imekwisha kututajia sifa zake katika Suratul Qasas, aya ya 26, pale binti wa mzee wa Madyan alipompendekeza Musa (a.s.) kwa baba yake kwa mambo mawili: nguvu na uaminifu. Nguvu ya fundi ni ujuzi wake wa mitambo, na uaminifu wake ni kuifikisha sauti kama ilivyo. Nguvu ya DJ ni kujua watu wanapenda nini, na uaminifu wake ni kujizuia na kile kisichowafaa. Mwenye moja bila ya jingine ataiharibu shughuli kwa namna yake.

Basi kamati zetu zisiandike tena "muziki" kwenye daftari la michango zikaishia hapo. Ziandike jina la kazi, ziandike masharti yake, na wazee waulizwe kabla ya malipo ya kwanza kutoka.

Tunamuomba Allah (s.w.) azijaalie shughuli zetu ziwe za kheri na zenye kuunganisha nyoyo. Wallahu aalam.